Nyumba ya magurudumu: Urembo unaopimwa kwa kilo

Na Mwandishi Wetu

MTU anayeingia kwa mara ya kwanza ndani ya trela ya kisasa ya safari hushangazwa na mambo mawili. La kwanza ni udogo wake. La pili ni jinsi udogo huo ulivyobeba kila kitu. Katika nafasi yenye urefu wa mita tano hivi na upana usiofikia mita mbili na nusu, kuna jiko, sinki, jokofu, kitanda cha watu wawili, kabati la nguo, choo, bafu na meza ya kulia chakula. Kuta ni nyeupe au zina rangi ya mbao changa, taa zimefichwa chini ya makabati, na madirisha ni mapana kiasi kwamba aliyeketi mezani huona mlima au ziwa kama picha iliyotundikwa ukutani.

Nyumba hizo, ambazo Waingereza huziita karavani na Wamarekani huziita trela za safari, zimekuwa sehemu ya maisha ya mamilioni ya watu Marekani na Ulaya. Kwa mujibu wa takwimu za chama cha watengenezaji nchini Marekani, mwaka 2021, wakati ugonjwa wa Covid-19 ulipowafanya wengi waogope ndege na hoteli, viwanda viliwapelekea wauzaji zaidi ya trela na magari ya aina hiyo 600,000. Hiyo ilikuwa rekodi. Miaka miwili baadaye idadi ilishuka hadi takriban 313,000, na wengi walionunua kwa pupa wakajikuta wanauza kwa hasara.

Ni nini basi kinachomfanya mtu mwenye nyumba nzuri ya kudumu aiache na kwenda kulala katika chumba kimoja kilichowekwa juu ya magurudumu? Na mafundi hufanyaje hadi chumba hicho kikapendeza? Makala haya yanaeleza historia ya nyumba hizo, namna zinavyopambwa na sababu za kupendwa kwake. Yanaonyesha pia kwamba uzuri huo una masharti, na kwamba asiyeyajua huweza kuyalipia kwa fedha, kwa afya, na hata kwa uhai.

Trela na gari-nyumba

Ni vyema kwanza kutofautisha vitu viwili. Lipo gari-nyumba, ambalo lina injini yake na dereva huketi mbele huku sebule ikiwa nyuma yake. Na ipo trela, isiyo na injini, ambayo huvutwa na gari la familia au pikapu. Wamarekani huyaita yote kwa herufi mbili, RV, kifupi cha maneno yenye maana ya gari la mapumziko.

Kila moja lina wateja wake. Mwenye gari-nyumba husimama popote na kuingia jikoni bila kutoka nje. Mwenye trela, kwa upande wake, akishafika kambini huifungua na kulitumia gari lake kwenda dukani au kutembea, na gari hilo likiharibika, nyumba haiendi gereji pamoja nalo. Aidha, trela huwa na bei nafuu zaidi, na ndiyo sababu wengi huanzia hapo.

Neno karavani lenyewe lina asili ya Kiajemi, lugha ambamo lilimaanisha msafara wa wafanyabiashara. Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki neno hilo si geni. Mjini Bagamoyo bado lipo jengo liitwalo Caravan Serai, kumbukumbu ya misafara ya karne ya 19 iliyounganisha bara na pwani na kubeba pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani. Waingereza walilichukua neno hilo na kulihamisha kutoka kundi la wasafiri hadi kwenye gari la kulala.

Ilivyoanza

Kwa muda mrefu, kuishi ndani ya gari la kukokotwa na farasi barani Ulaya kulikuwa ni jambo la Waromani na watu wa maonyesho ya kuhamahama. Mwaka 1885 Dk. William Gordon Stables, aliyekuwa daktari katika Jeshi la Majini la Uingereza, aliagiza atengenezewe gari la namna hiyo kwa ajili ya starehe tu. Aliliita The Wanderer, yaani mzururaji. Lilikuwa na uzito wa takriban tani mbili, likavutwa na farasi wawili, naye akasafiri nalo zaidi ya maili 1,300 hadi Scotland na kuandika kitabu kuhusu safari hiyo. Mwaka 1907 ilianzishwa Caravan Club nchini humo.

Nchini Marekani, mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha mjini New York gari lililokuwa na kiti cha nyuma kinachogeuka kitanda, sinki la kukunjwa nyuma ya kiti cha dereva na simu ya kuzungumza na dereva huyo. Lilikuwa gari la matajiri. Trela za watu wa kawaida zilishamiri miaka ya 1930, na aliyeongoza ni Arthur Sherman wa Detroit, ambaye kampuni yake ya Covered Wagon ilikuwa kubwa kuliko zote katikati ya muongo huo.

Hata hivyo, jina lililodumu hadi leo ni Airstream, na mwanzilishi wake ni Wally Byam. Historia ya kampuni hiyo inasimulia kwamba mkewe wa kwanza, Marion, hakutaka kwenda kupiga kambi mahali pasipo na jiko, na hapo ndipo Byam alipoanza kujenga kijumba juu ya chasisi ya gari la Ford. Mwaka 1936 alitoa trela iliyoitwa Clipper, iliyofunikwa kwa mabati ya alumini yaliyofungwa kwa ribiti kama ndege. Umbo hilo lilitokana na trela ya mwaka 1934 ya Hawley Bowlus, fundi aliyesimamia ujenzi wa Spirit of St. Louis, ndege aliyoirusha Charles Lindbergh kuvuka Atlantiki mwaka 1927. Clipper iliuzwa dola 1,200, bei kubwa katika miaka ile ya mdororo wa uchumi. Ililaza watu wanne, ilikuwa na maji yake na taa za umeme.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mambo mawili yaliipanua biashara hiyo. Familia za Marekani zilipata magari na likizo ya kulipwa, na kuanzia mwaka 1956 serikali ilianza kujenga mtandao wa barabara kuu zinazounganisha majimbo. Hifadhi za taifa, ambazo ya kwanza ni Yellowstone ya mwaka 1872, zikawa ndani ya uwezo wa mfanyakazi wa kawaida mwenye wiki mbili za mapumziko.

Kutoka Cape Town hadi Cairo

Byam alifahamu kwamba hauzi trela tu, bali anauza safari. Hivyo akaanza kuwaongoza wateja wake katika misafara. Ule uliojulikana zaidi ulianza Cape Town mwaka 1959, ukiwa na trela 41 za rangi ya fedha, ukapita Kongo, Uganda, Kenya na Ethiopia, na kufika Cairo mwaka 1960. Nchini Ethiopia wasafiri walikutana na Mfalme Haile Selassie. Picha ya trela zilizopangwa karibu na mapiramidi ya Giza ikawa tangazo ambalo halikuhitaji maneno.

Ni vyema kukumbuka wakati wenyewe. Msafara huo ulipita katika makoloni yaliyokuwa yakielekea kwenye uhuru, na Kongo ilijitawala Juni 1960. Wastaafu wa Marekani walipita wakiwa na majokofu na vitanda vyao katika nchi ambazo wenyeji wake walikuwa wakidai haki ya kuiendesha nyumba yao wenyewe. Barabara za udongo na matope ziliwapa tabu kubwa, na trela zilivunjika na kutengenezwa njiani mara kwa mara.

Safari hiyo iliacha alama nyingine. Mwaka 1961 kampuni ilitoa trela ndogo ya futi 16 iliyopewa jina la Bambi. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, jina hilo linatokana na neno la Angola la mnyama mdogo wa jamii ya swala, mwepesi na mwenye wepesi wa kukimbia. Bambi moja ya mwaka 1963 imo katika mkusanyiko wa Museum of Modern Art mjini New York, ikihesabiwa kuwa kazi ya usanifu yenye thamani kama kiti au taa ya msanii mashuhuri.

Hata Mwezi una sehemu yake katika historia hii. Wanaanga Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins waliporejea Julai 1969, walitengwa na watu wengine ndani ya chumba kilichotengenezwa kutokana na trela ya Airstream. Rais Richard Nixon aliwapongeza akiwa nje, wao wakimtazama kupitia dirisha.

Sebule inayogeuka chumba cha kulala

Tukirudi ndani ya trela, siri ya kwanza ya upambaji wake ni kwamba kila kitu lazima kifanye kazi zaidi ya moja. Meza ya chakula hushushwa hadi usawa wa viti, mito hupangwa juu yake, na kitanda huwa tayari. Ngazi ya kupandia kitandani ni droo ya viatu. Kifuniko cha jiko ni ubao wa kukatia mboga. Katika trela ndogo, choo na bafu ni chumba kimoja chenye sakafu ya kupitisha maji, na anayeoga hulazimika kuondoa kwanza karatasi za chooni.

Siri ya pili ni mwanga. Kuta za rangi nyepesi, dirisha la paa na kioo kilichowekwa mkabala na dirisha hulifanya jicho lione nafasi kubwa kuliko iliyopo. Mapazia mazito na mbao nyeusi hufanya kinyume chake.

Haikuwa hivyo siku zote. Kwa miaka mingi trela za Marekani zilipambwa kana kwamba ni nyumba ya bibi iliyofinywa: makabati ya kuiga mwaloni, vitambaa vya maua, zulia la kahawia. Nje ya Airstream mlikuwa na bati linalong'aa kama ndege; ndani palikuwa sebule ya zamani. Mwaka 2000 mbunifu wa San Francisco, Christopher Deam, alionyesha mjini New York Bambi aliyoipamba upya. Aliiacha alumini ya kuta ionekane kwa ndani, akaondoa mapambo ya ziada, na kutumia nyuso bapa za rangi nyepesi zilizofuata mviringo wa kuta. Wateja wapya, vijana wa mijini ambao hawakuwahi kuota kununua trela, walianza kuzitazama kwa jicho jingine. Watengenezaji wengi wa leo wanafuata mkondo huo.

Mviringo huo wa kuta una gharama yake. Kabati la mraba haliingii katika ukuta uliopinda bila kupoteza nafasi, hivyo kila kipande hukatwa kwa ajili ya mahali pake. Ndiyo sababu mojawapo ya bei ya trela za aina hiyo kuwa juu sana kuliko zile zenye umbo la sanduku.

Ipo pia mbinu ya ukuta unaosogea. Trela ikisimama, mwenye nayo hubonyeza kitufe na sehemu ya sebule husukumwa nje, hivyo chumba huongezeka upana. Mbinu hiyo ilienea tangu miaka ya 1990. Huleta raha kubwa, lakini huongeza uzito, injini ndogo za kusukuma, na mipira ya kuzuia maji ambayo ikichakaa mvua huingia ndani.

Kilo ni mfalme

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo picha za magazeti haziwezi kulionyesha. Ndani ya nyumba ya kawaida, urembo hupimwa kwa macho na kwa mfuko. Ndani ya trela hupimwa pia kwa mizani.

Chukua mfano wa Bambi ya futi 16 ya miaka ya karibuni. Ikiwa tupu ina uzito wa takriban kilo 1,360, na uzito wa juu unaoruhusiwa ni takriban kilo 1,590. Maana yake ni kwamba familia imebakiziwa kilo 230 hivi kwa kila kitu itakachopakia. Tangi la maji safi likijazwa huchukua takriban lita 87, nazo ni kilo 87. Zinabaki kilo 143 za chakula, nguo, vyombo, viti vya kukalia nje, vitabu na baiskeli za watoto.

Sasa fikiria mtu anayetaka jiko lenye kaunta ya mawe ya graniti kama la nyumbani kwake. Mita moja ya mraba ya graniti yenye unene wa sentimeta tatu ina uzito wa kilo 80 hivi. Akiiweka, zaidi ya nusu ya kilo zake zimekwisha kabla hajapakia sufuria moja. Ndiyo maana mafundi hutumia plaiwudi nyembamba, alumini, faibaglasi na nyuso za plastiki ngumu zinazofanana na jiwe. Kinachoonekana kuwa ni ladha ya kisasa ya kupenda vitu vichache, kwa kiasi kikubwa ni amri ya ekseli na matairi.

Si suala la uzito tu, bali pia mahali uzito ulipo. Wataalamu wa Marekani hushauri kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela iegemee kwenye kiungio cha gari linaloivuta. Mizigo mizito ikirundikwa nyuma ya ekseli, sehemu ya mbele huwa nyepesi, na trela huanza kuyumba kushoto na kulia kama mkia wa samaki. Upepo mkali, lori linalopita kwa kasi au mteremko huweza kuuongeza mwyumbo huo hadi gari na trela vipinduke.

Dereva akikumbwa na hali hiyo, anashauriwa aondoe mguu kwenye mafuta taratibu, ashike usukani bila kuupindapinda, na atumie breki za trela kwa mkono ikiwa gari lina kifaa hicho. Kukanyaga breki za gari kwa nguvu, jambo ambalo hofu humsukuma mtu kulifanya, huzidisha hatari. Kwa hiyo kabati zuri la vitabu lililojengwa nyuma kabisa ya trela si suala la urembo pekee. Ni suala la usalama.

Maji, umeme na hewa

Trela ina matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyotumika jikoni na bafuni, na la choo. Siku mbili tatu zikipita, mawili ya mwisho hujaa, na mwenye nyumba hulazimika kwenda kwenye kituo maalumu cha kumwaga majitaka, akavaa glavu na kuunganisha bomba kwa mikono yake. Kazi hiyo haionyeshwi katika matangazo.

Umeme nao una hesabu zake. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya asidi na risasi, inashauriwa itumike nusu tu ili isife mapema, yaani wati-saa 600. Taa za kisasa hutumia kidogo sana na zitawaka usiku kadhaa. Lakini kiyoyozi kinachohitaji wati 1,500 kitaimaliza nusu hiyo ndani ya dakika 24. Ndiyo maana wenye trela hulipia kambi zenye umeme, hubeba jenereta, au hutandaza paneli za sola juu ya paa, ambazo nazo zina kilo zake.

Zaidi ya hayo, kuna hewa. Baada ya kimbunga Katrina kuharibu New Orleans na maeneo jirani mwaka 2005, serikali ya Marekani iliwagawia waathirika trela kwa makumi ya maelfu. Wakazi wakaanza kulalamika kuwashwa macho, kuumwa kichwa na kubanwa pumzi. Vituo vya kudhibiti magonjwa vya nchi hiyo, CDC, vilipima trela 519 kati ya Desemba 2007 na Januari 2008, na kukuta wastani wa gesi ya formaldehaidi wa sehemu 77 kwa kila bilioni ya hewa, kiwango kilichozidi sana kile cha nyumba za kawaida. Gesi hiyo, ambayo hutambuliwa kuwa chanzo cha saratani, hutoka katika gundi ya mbao za kusindikwa, zile zile nyepesi zinazofaa kwa makabati ya trela. Katika chumba kidogo kilichofungwa, chenye joto na unyevu, gesi haina pa kwenda.

Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kudhibiti kiasi cha gesi hiyo katika mbao za kusindikwa. Hata hivyo, harufu kali ya upya ambayo baadhi ya wanunuzi huifurahia inapaswa kuwa ishara ya kufungua madirisha. Vilevile, kwa kuwa jiko na kipasha joto hutumia gesi, kifaa cha kugundua hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi ni cha lazima kuliko zulia lolote la kupendeza.

Kwa nini wanapenda

Pamoja na masharti yote hayo, watu wanaendelea kununua. Sababu ya kwanza ni uhuru wa ratiba. Msafiri wa hoteli ana saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mwenye trela akilipenda ziwa, huongeza siku. Ya pili ni kulala katika kitanda chako kila usiku ukiwa mahali papya kila wiki. Wazee, wagonjwa wenye masharti ya chakula na wazazi wenye watoto wachanga huithamini sana nafasi ya kuwa na jiko na choo chao.

Sababu ya tatu ni jirani. Kambini milango iko karibu, na jioni watu huketi nje. Mhasibu huombwa spana na fundi bomba, naye fundi hukaribishwa kahawa. Wengi husema udugu huo hawaupati katika mitaa wanakoishi.

Sababu ya nne ni ya kodi. Sheria ya kodi ya Marekani inaweza kuitambua trela kuwa nyumba ya pili ya mkopaji ikiwa ina mahali pa kulala, pa kupikia na choo, hivyo riba ya mkopo wake huweza kupunguzwa katika hesabu za kodi. Lakini wanunuzi hawapaswi kusahau kwamba nyumba ya matofali mara nyingi hupanda bei, ilhali ya magurudumu hushuka tangu siku inapotoka dukani.

Wasio na hiari

Kuna upande mwingine wa barabara. Kwa baadhi ya Wamarekani trela si mapumziko, bali ni makazi ya mwisho. Mgogoro wa fedha wa mwaka 2008 uliwapokonya wengi nyumba na akiba za uzeeni. Jimbo la Indiana, ambako katika kaunti ya Elkhart na jirani zake hutengenezwa sehemu kubwa ya trela na magari-nyumba yote ya Marekani, liliumia mara mbili: wateja walitoweka, na ukosefu wa ajira Elkhart ulifika karibu asilimia 20 mwaka 2009. Rais Barack Obama alikwenda huko Februari mwaka huo kueleza mpango wake wa kuufufua uchumi.

Mwandishi Jessica Bruder alifuatilia maisha ya wazee walioingia barabarani baada ya mgogoro huo, wakifanya kazi za msimu katika maghala, mashamba na kambi za watalii. Kitabu chake, Nomadland, kilitoka mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho, iliyoongozwa na Chloé Zhao, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Watu hao wengi wao hulala bure katika ardhi ya umma, ambako kwa kawaida kikomo ni siku 14 ndipo mtu ahame.

Kwa hiyo trela mbili zinaweza kuegeshwa jangwani mita chache baina yake, zikiwa na urefu mmoja na vitanda vya aina moja. Mmoja wa wenye nazo ataondoka Jumapili kurudi nyumbani. Mwingine hana nyumba ya kurudi. Wote wawili wataeleza kwamba wanapenda uhuru, na huenda wote wanasema kweli, lakini mmoja tu ndiye aliyeuchagua.

Na Afrika Mashariki je?

Katika nchi zetu trela za kulala bado ni chache. Wanaosafiri kwa mtindo huo, hasa watalii, hukodi Arusha au Nairobi magari ya Land Cruiser yenye hema la kukunjuliwa juu ya paa, na kulala katika kambi za umma za hifadhi, kama Seronera katika Serengeti. Sababu za hali hiyo zinaeleweka. Barabara nyingi za hifadhini zina makorongo na mawimbi ya changarawe yanayolegeza misumari ya kabati lolote. Vituo vya kumwagia majitaka ya trela ni shida kuvipata. Ada za magari katika hifadhi za Tanzania nazo hupangwa kwa uzito wa gari, kwa hiyo hata huku kilo ni mfalme.

Hata hivyo, somo la trela linamhusu pia mkazi wa chumba kimoja Kariakoo au Eastleigh. Meza inayokunjwa, kitanda chenye droo chini yake, ukuta mweupe unaorudisha mwanga, na kabati linalotumia pembe iliyoachwa ni mbinu zisizohitaji magurudumu wala mkopo wa benki.

Kwa anayefikiria kununua au kukodi trela akiwa ughaibuni, wataalamu wanashauri mambo matano. Soma kibandiko cha uzito kabla ya kutazama rangi ya viti. Lala juu ya kitanda na ukae chooni mlango ukiwa umefungwa, ungali dukani. Nusa hewa ndani ya trela iliyofungwa tangu asubuhi. Bonyeza sakafu na pembe za kuta kutafuta ulaini, kwani maji yaliyoingia huozesha mbao kimyakimya. Na mwisho, kodi kwa wiki moja kabla ya kununua kwa miaka kumi.

Atakayefanya hivyo atagundua kwamba trela iliyopambwa vizuri si ile iliyojazwa vitu vya thamani. Ni ile ambayo mwenyewe ameamua mapema nini akiache nyumbani.